Kimeng'enya Kigandishacho Damu na Ukuta wa Mshipa: Mhadhara wa Umma, Mwamapalala



Mchuma pamba wa hapa Mwamapalala, achomwapo kidole na ncha ya ganda kavu la tumba, hulifuta tone la damu kwa nguo yake akaendelea na kazi, wala hana haja ya kujua ya kwamba ini lake lilikwisha kuweka akiba katika damu protini iitwayo prothrombini, ambayo penye jeraha hukatwa ikawa thrombini, nayo thrombini huikata fibrinojeni ikawa nyuzi zinazoikamata damu na kuliziba jeraha. Ninalokusudia kulieleza leo ni jingine: ya kwamba kimeng'enya hicho hicho, licha ya kugandisha damu, huziamrisha seli za ukuta wa mshipa zikue.

Ateri ina utando mwembamba wa seli upande wa ndani, na nyuma yake tabaka la misuli laini. Maadamu utando huo ni mzima, thrombini inayopita hunaswa na thrombomodulini, protini iliyo juu yake, ikageuzwa kuwa mlinzi azuiaye damu isizidi kuganda. Utando ukichubuka, aghalabu kwa shinikizo la damu la miaka mingi au kwa moshi wa tumbaku, thrombini huifikia misuli.

Mwaka 1975 Chen na Buchanan walidhihirisha ya kwamba thrombini huzifanya seli za kiinitete cha kuku zigawanyike. Lakini njia yenyewe haikufahamika mpaka mwaka 1991, Shaun Coughlin na wenzake wa San Francisco walipokigundua kipokezi chake. Ajabu iliyoje! Kipokezi hicho ni mfano wa mlango ambao ufunguo wake umefungwa kwa uzi kwenye kitasa chake wenyewe: thrombini haileti ufunguo, huukata uzi tu, na mlango ukajifungua. Seli zikiisha kupata amri hiyo huongezeka, zikahamia upande wa ndani, zikajijengea nyuzi ngumu, na njia ya damu ikabana. Tena thrombini iliyojificha ndani ya donge haizimiki upesi, bali huvuja kidogo kidogo kadiri donge linavyoyeyuka, hata amri ikadumu baada ya jeraha kusahauliwa.

Kwa kubana huku kwa ateri tumezoea kuyatwisha mafuta lawama yote, nami nadhani tumeyaonea. Katika mwaka 1972 George Mann na wenzake, miongoni mwao Anne Spoerry, yule daktari aliyewaendea wagonjwa kwa ndege na kufahamika sana Kenya, walitangaza habari za mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki: kuta za ateri zilikuwa nene sawasawa na za wazee wa Kimarekani, ilhali mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, na iliyozibika ilikuwa nadra. Ukuta kunenepa, basi, ni jambo moja, na njia kuzibwa ni jambo la pili, ambalo aghalabu hutimizwa na donge la damu. Hata daktari A. G. Shaper, aliyeandika mwaka 1959 kutoka Kampala ya kwamba maradhi ya ateri za moyo yalikuwa haba mno kwa Waafrika wa Uganda kuliko kwa Wahindi wa huko huko, hakutosheka na kupima mafuta. Baadaye alipima pia uwezo wa damu wa kuyeyusha donge lake.

Dawa ya kukiziba kipokezi kile, vorapaksa, iliruhusiwa Marekani mwaka 2014, lakini aliyepata kuugua kiharusi amekatazwa kuitumia, kwa hofu ya damu kuvuja ubongoni. Mwaka 2017 ikabainika ya kwamba rivaroksabani, dawa izuiayo thrombini isitengenezwe kwa wingi, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini, hupunguza kiharusi na mshtuko wa moyo kwa wenye ateri zilizoharibika, nayo pia huzidisha kuvuja damu. Kwa mgonjwa wa wilaya yetu hii ya Itilima, ambaye akivuja damu usiku itambidi apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, mimi nisingeanza na dawa hizo. Ningeanza na kipimo cha shinikizo la damu, kilichomo hata katika zahanati.