Arap Toweett: Kazi Kwanza, Kiti Baadaye
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Mulot)

 

Tumewahi kuona kikundi kizuri kikivunjika kwa sababu mwenyekiti alishindwa kura, akaenda zake na kitabu cha risiti. Kwa hiyo leo tumkumbuke Dkt. Taaitta arap Toweett, mzee aliyejua kushinda na kushindwa.

Alizaliwa mwaka 1925. Mwaka 1955 baraza la wilaya ya Kipsigis lilimlipia masomo ya diploma Uingereza. Aliporudi 1957 akawa Afisa wa Maendeleo ya Jamii huko Nandi, Mwafrika wa kwanza kuajiriwa humu nchini kwa kazi hiyo. Yaani kazi hii yetu ya kuketi na vikundi, yeye aliifanya kabla ya siasa.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, kiti cha Eneo la Kusini. Wakipsigis na Wamaasai walikuwa na mjumbe mmoja! Hebu fikirini, hapa Mulot pande zote mbili zingempigia kura mtu yuleyule.

Alihudhuria mikutano ya katiba London, akasaidia kuanzisha vyama vya ushirika, akawa Waziri wa Elimu. Mwaka 1976 alichaguliwa rais wa Mkutano Mkuu wa UNESCO. Mwaka 1977, akiwa waziri, alipata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa kuichambua lugha ya Kikalenjin. Waziri, na bado mwanafunzi!

Mwaka 1979 kiti kikamtoka. Je, alikaa nyumbani kununa? Hapana. Aliongoza bodi ya Kenya Literature Bureau, baadaye Kenya Airways, kisha Kenya Seed. Hata alipopita miaka sabini alikuwa akihariri gazeti. Alifariki Oktoba 2007.

Basi tunawaachia maswali mawili, myajadili kabla ya kuchagua viongozi wapya:

1. Huyu anayetaka kiti, tumemwona akifanya kazi gani kabla hajakitaka?

2. Wazee wetu walimlipia kijana mmoja masomo, na nchi nzima ikafaidika. Sisi tunamlipia nani?

Na yule atakayeshindwa, tafadhali arudi mkutanoni wiki inayofuata, aketi na wenzake. Kitabu cha risiti aache mezani. Si chake, ni cha kikundi.