Usiogope: Mahubiri ya Jumapili ya Tano ya Mwaka C

Masomo: Isa 6:1-8; 1Kor 15:1-11; Lk 5:1-11



Masomo ya leo yanatuonyesha watu watatu walioitwa na Mungu, na wote watatu wanakiri kwamba hawafai. Isaya anauona utukufu wa Bwana hekaluni, na papo hapo analia kwamba midomo yake ni michafu. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba yeye ni wa mwisho kati ya mitume, maana alilitesa Kanisa. Petro anaanguka miguuni pa Yesu na kumsihi aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi.

Tuangalie vizuri jinsi Mungu anavyowajibu. Hamwambii Isaya kwamba midomo yake ni safi, bali analeta kaa la moto na kugusa palepale penye uchafu. Hayafuti maisha ya zamani ya Paulo, bali anayatumia, hata mtesaji akawa mtendakazi asiyechoka. Wala Yesu habishani na Petro juu ya dhambi zake. Anamwambia asiogope, kisha anampa kazi. Kumbe Mungu hatuondolei mashaka kwa kutusifu. Anatuondolea mashaka kwa kuja kukaa nasi.

Ndugu zangu, sauti ya Petro tunaisikia katika vigango vyetu vyote vya Ngara na Biharamulo. Jumuiya ndogo ndogo inapochagua viongozi, mama anayependekezwa husema, "Mimi sikusoma, mchagueni mwingine." Kijana akiombwa kujiandaa awe katekista, hujiuliza atawafundishaje watu wanaoyajua maisha yake tangu utoto. Wazazi wanaogopa kuwafundisha watoto wao sala, kwa kuwa wao wenyewe wameteleza mara nyingi. Na mseminari, taa zikishazimwa bwenini, hulala macho akijiuliza kama kweli ameitwa.

Je, mashaka hayo ni dhambi? La hasha. Ila tujifunze kutofautisha mambo mawili yanayofanana kwa maneno. Unyenyekevu husema, "Sifai," kisha ukaondoka na Bwana. Woga husema, "Sifai," kisha ukabaki ufukweni. Petro alisema hafai, lakini jioni ya siku ile nyavu zake hazikuwa tena mikononi mwake. Aliacha vyote akamfuata.

Tena tuseme kweli: si kila shaka lazima lishindwe. Lipo shaka linalomwonyesha kijana kwamba Mungu anamwita katika ndoa takatifu na si katika upadre. Ndiyo maana Kanisa limeweka miaka mingi ya malezi, pamoja na walezi na baba wa kiroho. Anayetoka seminarini baada ya kusali na kushauriana vizuri hakumkimbia Mungu, na sisi wa nyumbani tusimwaibishe. Anayejidhuru ni yule anayelificha shaka lake, asimwambie Mungu wala mtu yeyote, mpaka likaoza moyoni. Isaya alisema wazi. Petro naye alisema wazi.

Sasa turudi ziwani. Ndugu zetu wanaovua dagaa katika Ziwa Viktoria wanajua kwamba kazi hiyo ni ya usiku, kwa mwanga wa taa. Jua likichomoza, wavuvi hurudi pwani. Petro naye alikuwa amekesha bure, ameshaanza kuosha nyavu, na sasa mtu aliyekulia katika useremala anamwambia mvuvi ashushe nyavu mchana! Petro hakuwa na sababu ya kuutegemea ujuzi wake. Alilitegemea neno la aliyemwambia.

Nyavu zilipojaa, zikaanza kukatika. Hapo Luka ameandika jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka: waliwapungia mkono wenzao waliokuwa katika chombo kingine, waje kuwasaidia. Wito wa Kristo ulikuwa mzito kupita chombo kimoja. Sehemu kubwa ya mashaka yetu hutokana na kujipima peke yetu, kana kwamba Bwana ametuita kuvuta wavu wote kwa mikono miwili.

Marehemu Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu mwaka 1969 hadi 1996, alifundisha kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa liwe kitendawili cha kutegua, bali liwe mfano wa kuishi. Mungu mwenyewe ni ushirika. Basi anayeitwa na Mungu huyo haitwi kamwe awe peke yake. Nao maaskofu wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo mbele katika kazi yao ya kichungaji.

Wilaya ya Ngara ilijifunza somo hili kwa uchungu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na uwanda wa Benaco ukageuka mji wa maturubai. Miongoni mwao walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo pia wenye damu mikononi. Kuni zilipungua, maji yalipungua. Ni nani wakati ule angeweza kusema, "Mimi natosha kwa kazi hii"? Hakuna. Mwanakijiji hakutosha, paroko hakutosha, Serikali haikutosha, wala mashirika yaliyotoka mbali hayakutosha. Ila chombo kimoja kilikipungia mkono kingine, na wenye njaa wakapata chakula. Mwaka uliofuata ilianzishwa huko Ngara redio iliyopewa jina Kwizera. Katika lugha za majirani zetu wa Rwanda na Burundi, neno hilo ni la imani na matumaini.

Basi, ndugu msikilizaji, kama juma hili utaitwa kufanya kazi ya Mungu, nawe ukaona moyo unatetemeka, fanya mambo matatu. Kwanza, mwambie Bwana kasoro yako kwa jina lake, maana hapo ndipo atakapogusa. Pili, mwendee mtu mmoja mwenye imani na busara, umfunulie shaka lako. Tatu, shusha wavu kwa hatua ya kwanza tu: sala moja pamoja na watoto, mgonjwa mmoja wa kutembelewa, somo moja la katekisimu. Na wewe ambaye hukuitwa kwa kazi hiyo, tazama ziwani. Huenda yupo jirani anayekupungia mkono.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.