Dadu Haikumbuki
Hotuba ya afisa wa huduma za jamii kwa wakazi waliohudhuria baraza



Leo nimekuja na dadu mbili, si za kucheza bali za kuhesabu. Kila dadu ina pande sita. Ukizirusha pamoja, zinaweza kutua kwa namna 36. Jumla ya 7 hupatikana kwa namna 6. Jumla ya 12 kwa namna moja tu.

Katika meza ya dadu ya kasino, kuna dau la kubashiri kwamba mrusho unaofuata utaleta 7. Ukiweka shilingi 100 na kushinda, kwa kawaida unapata faida ya shilingi 400. Inavutia. Sasa tuhesabu. Ukicheza mara 36, umetoa shilingi 3,600. Kwa wastani utashinda mara 6, kila mara ukipokea shilingi 500 pamoja na dau lako. Hizo ni 3,000. Shilingi 600 zimebaki kwa mwenye kasino, na hajaiba wala kudanganya.

Wengine husema, "7 haijatoka kwa muda, sasa lazima itoke." La! Dadu haikumbuki. Hata baada ya mirusho kumi bila 7, uwezekano ni ule ule: 6 kati ya 36. Kwa imani hiyo, karo ya mtoto hutumwa kufuata pesa zilizopotea.

Ndugu zangu, ukipoteza, usirudi kukomboa. Inuka, nenda nyumbani. Walio chini ya miaka 18, sheria haiwaruhusu kabisa kucheza kamari. Na aliyezidiwa tusimcheke. Tuzungumze naye mapema.