Trekta la Vyuma Chakavu: Tulipofika na Tulipokosea

(Maneno ya fundi wetu kwenye harambee ya mwaka)



Mwaka jana nilisimama mbele yenu nikaomba fedha za kutengeneza trekta dogo kwa vyuma vya malori mabovu. Wengine mlicheka, lakini mlichanga. Aliyechangiwa hana budi kurudi kusema fedha zimefanya nini. Hesabu za shilingi atazisoma mweka hazina. Mimi nimekuja na hesabu za chuma, na pia na jambo moja baya ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu nusu.

Kwanza niwakumbushe shida yenyewe. Kwetu tunalima kwa maksai, na sina la kuwasema vibaya. Lakini mvua zinapoanza, maksai ndiyo kwanza wametoka kwenye kiangazi, wamekonda, majani hakuna. Siku tunayowahitaji kuliko zote ndiyo siku wana nguvu kidogo kuliko zote. Ukiongeza ndigana au mwaka wa ukame, nyumba nzima inabaki inatazama wingu. Trekta la kukodi lipo, ila mwenye trekta anapenda shamba kubwa, tambarare, lisilo na visiki. Mama mjane mwenye ekari mbili anaambiwa subiri, na akifikiwa, udongo umeshakauka. Pawatila nazo tuliziona kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Kwenye majaruba ya mpunga ni chombo kizuri. Kwenye udongo wetu mgumu zinaruka kama mbuzi, na anayeshika usukani jioni hawezi hata kushika kijiko.

Habari ya trekta si ngeni Hanang. Wazee mnakumbuka mashamba ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengineyo. Siwezi kuyataja bila kusema kwamba yalichukua malisho ya Wabarbaig, na machungu yake hayajaisha kwenye baadhi ya maboma. Lakini yalileta pia karakana, na mafundi wengi wa umri wangu walishika spana ya kwanza kwa mtu aliyejifunza huko. Mimi nilifundishwa na mjomba. Alikuwa akisema mashine kubwa ikifa inakufa na shamba zima, maana spea yake iko ng'ambo. Nilipoanza kufikiria trekta letu nilijiwekea sharti moja: kila kitu kitakachoharibika kipatikane Katesh, Haydom au Mbulu mjini kabla jua halijazama.

Hatukuwa wa kwanza. Miaka ya 1960 wataalamu wa Makerere, kwenye shamba la chuo pale Kabanyolo, Uganda, walitengeneza trekta dogo kwa ajili ya mkulima mdogo. Hapa kwetu matrekta ya Valmet yaliunganishwa Kibaha. Tofauti yetu ni kwamba sisi hatuna kiwanda. Tuna lori lililokufa likibeba vitunguu vya Basotu, na pikapu iliyopinduka ikabaki injini nzima.

Sasa nieleze lilivyo, maana naulizwa sana. Injini ni ya dizeli ya pikapu, imebaki na klachi na gia boksi yake. Nyuma ya gia boksi hiyo tumefunga gia boksi ya pili, ile ya lori. Nyuma yake difu ya lori, na magurudumu ya lori. Chasi tuliikata ikawa fupi, tukaondoa springi za nyuma na kufunga difu moja kwa moja kwenye chasi, kwa sababu springi ukivuta plau inajikunja na kuruka.

Kwa nini gia boksi mbili? Chukueni injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika. Gia ya kwanza ya pikapu inagawanya kama kwa 4, difu kwa 6. Nne mara sita ni 24, kwa hiyo tairi linazunguka mara 83 hivi. Tairi lile likizunguka mara moja linakwenda karibu meta 3. Hiyo ni meta 250 kwa dakika, yaani kilometa 15 kwa saa. Plau haliwezi kwenda mbio za baiskeli. Ukiweka gia boksi ya lori katikati, nayo gia yake ya kwanza inagawanya kama kwa 5, jumla inakuwa 120. Tairi linazunguka mara 16 au 17, meta 50 kwa dakika, kilometa 3 kwa saa. Huo ni mwendo wa maksai. Na kadiri mwendo unavyopungua ndivyo nguvu ya kuvuta inavyoongezeka. Injini ndogo ya pikapu inavuta plau mbili bila kuhema.

Kuna siri hapa ambayo kijana yeyote wa gereji aandike. Gia boksi ndogo itangulie, kubwa ifuate. Ukigeuza, ndogo inapokea nguvu iliyokwisha kuongezwa na meno yake yanasagika wiki ya kwanza. Sisi tuligeuza. Meno yalisagika wiki ya kwanza. Ndiyo maana katika taarifa ya mweka hazina mtaona gia boksi ya pikapu imenunuliwa mara mbili.

Tulilima. Tulianza na mashamba ya wajane na wazee, kama tulivyokubaliana, na ekari zile ziliota mapema na vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Siku moja plau lilinasa kwenye kisiki kilichofukiwa. Maksai wakinasa wanasimama, wanageuka kukutazama. Injini iliyopunguzwa mwendo mara 120 haisimami. Tairi lilikuwa limeshika udongo vizuri, kisiki kimeshika plau, kwa hiyo kilichobaki kuzunguka ni trekta lenyewe. Pua ilinyanyuka, likapinduka kwa nyuma. Kijana aliyekuwa anaendesha aliruka, lakini mguu ulibanwa ukavunjika mahali pawili. Tulimpeleka Haydom. Leo anatembea kwa gongo moja, na msimu huu familia yake imelimiwa na majirani.

Watu walisema kisiki. Wengine walisema kijana alikanyaga mafuta mno. Hapana. Mnyororo wa plau niliufunga mimi, na niliufunga juu, kwenye chasi, juu ya usawa wa ekseli, kwa sababu palikuwa na tundu tayari na nilikuwa na haraka. Unatakiwa kufungwa chini ya ekseli. Ukifungwa chini, plau likinasa linavuta pua ya trekta kuelekea ardhini. Ukifungwa juu, linaivuta kuelekea mbinguni. Nilikuwa nalijua hilo. Nimekwenda kwa wazazi wake nikawaambia hivi hivi ninavyowaambia ninyi, na baba yake alinisikiliza mpaka mwisho kabla ya kunijibu. Alichonijibu ni kwamba nisiliuze trekta, nilitengeneze.

Tundu lile la juu nimeliziba kwa kuchomelea. Pa kufungia sasa ni chini tu, na pini yake ni ya chuma laini inayokatika plau likinasa. Pini inayokatika ni rahisi kununua. Lakini haitoshi. Uswidi walitunga sheria tangu mwaka 1959 kwamba trekta jipya lazima liwe na kinga ya chuma juu ya dereva, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Kinga hiyo ni upinde wa bomba nene uliofungwa kwenye chasi, na mkanda wa kumshikilia dereva kitini ili asitupwe chini ya chuma chenyewe. Letu halina. Tangu ajali halijalima, na halitalima mpaka liwe nao.

Ndugu zangu wa Kainam na miteremko yote ya Mbulu, nisiwadanganye: hata likiwa na upinde, trekta hili si la kwenu. Ni jembamba, ni refu kwa juu, na breki zake ni za lori la zamani. Kwenye mteremko litalala ubavu. Kwenu maksai na jembe vitaendelea, na kama Umoja una fedha za mteremko, naona zipelekwe kwenye chanjo ya ndigana kwa hao maksai.

Ninachoomba leo ni kidogo kuliko mwaka jana. Bomba la upinde na mkanda. Breki mpya za nyuma, si za kuokota, maana breki ndicho kitu pekee ambacho sasa nakataa kukitoa kwenye skrepa. Na gharama ya kulipeleka trekta Arusha, CAMARTEC, ambako kazi yao mojawapo ni kupima zana za kilimo, walipime na watuambie wanachokiona. Wakisema libomolewe, nitalibomoa na vyuma vitauzwa, fedha zirudi kwenye mfuko. Ombi la trekta la pili, ambalo baadhi ya vijana wameliweka kwenye ajenda, naomba lisubiri majibu hayo.

Kuna na la kijana wetu. Hakuwa na bima, na hatukuwa tumeandika popote kwamba dereva akiumia nani anamtibu. Mwenyekiti amekubali jambo hilo lijadiliwe mchana huu kabla ya ahadi kutangazwa, na mimi nimeshatoa la kwangu.

Trekta liko nje, chini ya mti, tumelileta kwa lori. Njooni mlione, niulizeni chochote. Watoto tu wasipande, halijawekwa upinde.