Mlezi Aliyeliliwa Chini ya Mwaloni

Leo tufungue Mwanzo 35, aya ya 8.

Habari yenyewe ni fupi mno. Debora, mlezi aliyemnyonyesha Rebeka, amekufa. Akazikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukaitwa kwa jina la kilio. Kifo cha Rebeka mwenyewe hatusimuliwi. Twaambiwa baadaye tu alikozikwa. Basi nyumba ya Yakobo ilimlilia mwanamke ambaye hakumzaa hata mmoja wao.

Majirani zetu wa Bodo hawangeshangaa. Wengi wao ni Waislamu, na kwao mtoto aliyenyonyeshwa na mama mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili amekuwa mwanawe; binti wa mama huyo ni dada yake, hawezi kumwoa. Nao humkumbuka Bi Halima, aliyemnyonyesha Mtume wao. Sisi Wakristo, tulio wachache huku Kwale, tuna la kujifunza hapo.

Kwa nini mwanamke akubali kazi hii? Mwingine ni shangazi wa mtoto, na kilio cha yatima hakimpi usingizi. Mwingine amezika mwanawe juzi, na kifua chamuuma kwa maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Mwingine anahitaji posho. Huyo wa posho tusimcheke. Yokebedi alipokea mshahara wa binti Farao kwa kumnyonyesha Musa, mtoto wake mwenyewe!

Siku hizi iko hofu, wala si ya bure: virusi vya UKIMWI hupita katika maziwa. Mama apimwe kwanza, na apimwe tena anapoendelea kunyonyesha. Huko Nairobi, hospitali ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya akina mama mwaka 2019. Wanaotoa hupimwa, na maziwa hupashwa moto kuua vijidudu. Lakini Nairobi ni mbali, na mtoto wa Bodo analia usiku huu.

Kwa hiyo, akina mama wa kanisa, jirani akijitolea, asiende zahanati peke yake. Mmoja wenu afuatane naye. Mpelekeeni uji, samaki na mchicha, maana anyonyeshaye wawili huona njaa upesi. Na mumewe msalimieni, kwa kuwa naye ametoa kitu.

Tuombe. Ee Bwana, mkumbuke mama anayekesha leo na mtoto asiyemzaa. Amina.