Mkeka wa Mtoto Mwenye Usonji

Ammaa baad. Enyi ndugu Waislamu, Surat Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuja kuwa mwadhini wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Basi mtoto mwenye usonji tumdharauje? Hakupagawa, ndivyo alivyoumbwa. Nakiri, hapa Kivukoni nilipata kumsomea mmoja nikidhani ana jini, naye akipanga ukindu kwa rangi, akisuka ukili bila kukosea. Sikuutazama.

Kule Iringa, mwaka 2003, vijana watatu viziwi walianza kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo asili ya karakana ya Neema Crafts, ya mafundi wenye ulemavu. Walioianzisha ni Wakristo. Sisi tulikuwa wapi?

Wageni wafikapo, msimfungie chumbani. Watandikieni mkeka aliousuka, naye aketi nao.