Daftari la Siku, Litokalo katika Karatasi za Kutupwa

Wahenga walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wao walikusudia fedha na biashara, mimi nimejifunza, tena kwa aibu, ya kuwa siku nazo ni mali.

Palikuwa na kijana mmoja katika chuo cha ualimu nifundishacho, aliyepelekwa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kufanya mazoezi ya kufundisha. Alinichagulia siku ya kwenda kumtazama, akaiandika katika kipande cha karatasi. Nalikitia mfukoni mwa shati. Shati likafuliwa, karatasi ikawa uji. Siku ile watoto wote walihudhuria, naye akanitazamia hata adhuhuri. Sikwenda.

Nalikumbuka baada ya juma moja, nikaenda mbio. Nalikuta darasa nusu tupu. Somo alilolitengeneza kwa watoto arobaini akalifundisha mbele ya kumi na tisa, kwa moyo uliovunjika. Nikampa alama kwa yale niliyoyaona, nazo zilikuwa haba, nikazipeleka.

Nalipomwuliza baadaye kwa nini alikuwa ameichagua siku ile ya kwanza, hakujibu neno. Alifungua daftari dogo lililofunikwa kwa kitambaa cha kanga, akanionyesha. Pembeni mwa siku ile alikuwa amechora mwezi nusu, na chini yake ameandika, "Maji mafu. Mwalimu anakuja." Na katika juma lililofuata, mwezi mzima: "Bamvua."

Hapo nikafahamu. Tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani, wanawake wengi wa pwani ile hufuata saa za bahari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, maji hutoka mbali sana, na kwetu Unguja kina chake huwa karibu na saa nne asubuhi, yaani wakati wa masomo. Mama huenda shambani baharini, na watoto wengine humfuata. Siku za maji mafu bahari haitoki mbali, na watoto huwa shuleni. Kijana alijua, mwalimu wake hakujua. Alama zile hazikuweza kurudishwa. Nalimwomba radhi, kisha nikamwomba anifundishe kulitengeneza daftari kama lile. Leo nawapa ninyi aliyonipa mimi.

Kusanyeni karatasi zenye upande mmoja mtupu: kurasa za madaftari ya zamani, matangazo, kalenda za mwaka uliopita. Zikateni kwa kipimo kimoja. Kisha gundisheni mbili mbili, maandishi yakitazamana ndani, pande nyeupe zikabaki nje. Karatasi sitini zitatoa thelathini.

Gundi pikeni wenyewe. Korogeni unga wa ngano katika maji baridi, mpike kwa moto mdogo hata uwe uji mzito unaong'aa, mtie shabu kidogo isipate kuvu upesi. Pakeni kwa uchache, kwani karatasi ikilowa sana hujikunja. Wekeni chini ya ubao wenye jiwe juu yake, kivulini, hata asubuhi.

Sasa kunjeni kila karatasi katikati, mzipange tano tano: mtapata mafungu sita. Kila karatasi iliyokunjwa ina kurasa nne. Basi jumla ni kurasa 120. Ukurasa wa kwanza ni wa jina lako. Kumi na mbili zifuatazo ni za miezi. Kurasa 104 ni za majuma hamsini na mawili, kila juma kurasa mbili zinazotazamana. Tatu za mwisho ni za hesabu.

Toboeni kila fungu tundu tatu mgongoni kwa msharasi. Mshonee juu ya ukanda wa kanga kuukuu, kwa uzi uliopakwa nta: anzieni ndani kwa tundu la kati, mtokee nje, mwingie kwa la juu, mpite ndani hata la chini, mtokee, mrudi kwa la kati, mfunge. Mafungu yote sita yakiisha kukaa sambamba, gundisheni ncha za ukanda katika majalada mawili ya boksi gumu, mkayafunike kwa karatasi ya mfuko wa saruji, maana ni imara.

Mapambo nayo yana mfano wake nyumbani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Basi ukurasa wa kila mwezi uwe hivyo: pindo la vipande vya kadi za harusi pembezoni, katikati, mahali pa mji, siku za mwezi, na chini, mahali pa jina, methali mliyoichagua. Pambo hili lina kazi, kwani jicho hupenda kurudi penye uzuri, na daftari lisilofunguliwa halimkumbushi mtu kitu.

Katika kupanga, fuateni hesabu yetu. Juma lianze Jumamosi, kama jina lake linavyosema, na saa zianze saa moja asubuhi. Andikeni tarehe mbili, ya jua na ya mwezi. Maana mwaka wa mwezi hupungua siku kumi na moja hivi, na Ramadhani haikai mahali pamoja. Chorani mwezi mchanga, mwezi nusu na mwezi mpevu. Wekeni alama penye masika na vuli, kaskazi na kusi. Mwenye kulima mwani ahesabu majuma sita tangu kupanda hata kuvuna.

Kijana yule sasa ni mwalimu. Mimi kila mwisho wa mwaka huketi na wanafunzi wangu, gundi ikichemka, tukishona madaftari ya mwaka ujao. Na kabla ya kumwahidi yeyote siku, hulifungua kwanza langu, nikautazama mwezi.

Kwaherini.